Soko la Karume kwa mwanamume anayeikaribia arobaini: nguo zinazostahili fedha yako

Mwanamume anayeikaribia miaka arobaini huwa na mahitaji mawili ambayo ni vigumu kuyapata katika duka moja jijini Dar es Salaam. Anataka nguo za siku za mapumziko zinazomkaa vizuri bila kumfanya aonekane kama anashindana na wadogo zake, na anataka nguo hizo zidumu, kwa sababu ada za shule, kodi ya nyumba na michango ya harusi havimruhusu kununua shati jipya kila baada ya miezi michache. Kwa maoni yangu, mtu wa umri huo hapati popote jijini thamani kubwa zaidi kwa fedha yake kuliko katika mitumba ya Karume, Ilala, mradi ajue kukagua kitambaa na mshono kabla ya kutazama nembo. Asiyejua kukagua atarudi nyumbani na mfuko umejaa, na nusu ya vilivyomo hatavivaa.

Soko hili, lililoko Mchikichini, liliungua Januari 2022 na wafanyabiashara wengi wakapoteza mtaji wao wote, lakini walirudi, wakajenga upya vibanda, na leo mzigo unashuka kama zamani. Ni vyema mnunuzi aelewe mzigo huo unavyogawanyika. Belo likifunguliwa asubuhi, wanaochagua kwanza ni wenye maduka na wauzaji wenye wateja wao maalumu, ambao hulipa zaidi ili wapate zile nguo chache zilizo karibu na mpya. Hizo ndizo utakazozikuta baadaye zimefuliwa, zimepigwa pasi na kutundikwa kwenye henga. Zinazobaki hushuka bei kadiri siku inavyosogea, hadi zinafika chini kwenye turubai, ambako shati huuzwa hata kwa shilingi 1,000 au 2,000. Kwa shati au suruali iliyotundikwa, jiandae kutoa kati ya shilingi 10,000 na 25,000 kwa kutegemea ubora na uwezo wako wa kupatana bei. Mimi namshauri mtu mwenye kazi na familia aende moja kwa moja kwenye zilizotundikwa. Turubai linataka muda na jicho la mzoefu, na tofauti ya bei ni malipo halali kwa mtu aliyekwisha kukuchambulia.

Katika jinzi, Karume inayazidi maduka mengi ya nguo mpya. Jinzi nyingi mpya za bei nafuu zimefumwa kwa pamba nyepesi iliyochanganywa na nyuzi za kunyumbulika, na nyuzi hizo huchoka mapema, goti likavimba na kiuno kikalegea. Jinzi ya pamba tupu yenye uzito wa aunsi 12 hadi 14 kwa yadi ya mraba huanza ikiwa ngumu, kisha hulainika na kuufuata mwili wa mwenyewe kwa miaka. Jinzi za aina hiyo bado zinafika sokoni kwa wingi, zikiwemo Levi's 501, ambazo asili yake ni suruali za kazi zilizoimarishwa kwa riveti za shaba, ubunifu ambao Jacob Davis na Levi Strauss waliupatia hataza nchini Marekani mwaka 1873. Nembo peke yake haikuhakikishii kitu, kwa kuwa jinzi yenye jina kubwa inaweza kuwa imeshavaliwa ikamaliza maisha yake. Igeuze ndani nje, utazame pale mishono minne inapokutana katikati ya miguu, kisha ufuate paja la ndani kwa vidole. Hapo ndipo jinzi hufa kwanza. Muuzaji mmoja ninayemwamini huniinulia mwenyewe suruali kuelekea jua, akakitandaza kitambaa kwa viganja na kusema, "Kaka, tazama hapa, kama mwanga unapita iache." Mwanga ukipita kama kwenye chujio, suruali hiyo haitamaliza mwaka hata ukipewa bure. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa, na uangalie kama meno yake ni ya chuma. Herufi za YKK, kampuni ya Kijapani ya zipu, zilizochongwa juu yake, ingawa siku hizi huigwa, bado ni dalili nzuri. Rangi ya kufaa ni buluu iliyokoza, isiyo na matobo ya makusudi wala michirizi ya kupauka mapajani. Jinzi iliyochanwa magotini ina wenyewe, nao ni vijana wa chuo.

Kadeti ndiyo suruali itakayokufanyia kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu inaingia kwenye kikao cha wazazi shuleni, kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani na kwenye safari ya kwenda kijijini bila kukutia aibu popote. Chagua rangi ya mchanga, kijivu au buluu ya giza, na uhakikishe kwamba mguu haubani shavu la mguu wako wala haupepei. Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kina cha suruali kutoka kiunoni hadi pale miguu inapoachana. Kadeti fupi sana kwa kina hicho hulazimika kukaa chini ya tumbo, na tumbo ambalo lingeweza kutoonekana kabisa linaning'inizwa mbele ya mkanda. Mwanamume wa miaka thelathini na minane au tisa akivaa suruali inayokaa mahali pake kiunoni huonekana amepungua kilo bila kufanya zoezi lolote. Tazama pia mshono wa nyuma kiunoni: ukikuta kitambaa cha ziada kimekunjwa ndani, fundi ataweza kuiongeza mwili ukiongezeka, jambo ambalo kwa umri huu ni vyema kulipangia mapema.

Katika mashati, ninaloliweka mbele ya yote ni bega. Mshono wa bega lazima uishie kwenye mfupa wa bega, usishuke mkononi wala usipande shingoni. Ubavu, urefu na mkono vinarekebishika kwa bei ndogo, ila bega likikosewa shati zima linataka kufumuliwa, na gharama yake inakaribia kushona shati jingine. Baada ya bega, hesabu mishono midogo ya sindano ndani ya inchi moja. Shati zuri huwa na 14 hadi 18 au zaidi. Likiwa na 8 au 9, limeshonwa kwa haraka na litaachia ubavuni. Angalia kama mshono wa ubavu umekunjwa na kupigwa cherehani mara mbili, ili kingo za kitambaa zifichwe ndani, kwa kuwa mshono wa aina hiyo unavumilia kufuliwa kwa mkono na kukamuliwa kwa nguvu. Kunja kola na utazame mstari wa juu unaosuguana na shingo. Ukikuta nyuzi nyeupe zimeanza kuchomoza, rudisha shati kwenye henga.

Kwa joto na unyevunyevu wa Pwani, kitambaa kiwe pamba au kitani. Poliesta hukauka haraka lakini hushika jasho na harufu, na mtu mzima hapaswi kukaa kwenye msiba au sherehe ya mchana akiwa na wasiwasi wa kunyanyua mkono. Mizigo mingi inatoka Ulaya, hivyo lebo ya ndani inaweza kuandika pamba kama cotton, coton, Baumwolle au bomull; zote ni pamba ileile. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mdogo kutoka kwenye pindo na uuchome ukifika nyumbani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, na poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu nyeusi. Ninayoyapenda zaidi sokoni hapo ni mashati ya oksfodi, yale yenye ufumaji mzito unaoonekana kama vijisanduku vidogo na kola yenye vifungo. Yanavaliwa na jinzi au kadeti, hayahitaji pasi ya kutisha, na kola yake haiinuki hovyo hata bila tai. Inaniuma kila nikisoma lebo hizo kukumbuka kwamba Simiyu na Shinyanga wanalima pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo inasafirishwa nje ikiwa ghafi, huku sisi tukilinunua shati lililokwisha kuvaliwa na mwingine.

Nguo ambayo siishauri kabisa inunuliwe mtumba ni fulana ya kawaida. Shingo yake huwa imeshalegea, kwapa limeshadhoofishwa na jasho, na tofauti ya bei na mpya ni ndogo. Nunua mpya, ya pamba tupu, yenye uzito wa gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Kama muuzaji hajui uzito huo, weka mkono ndani ya fulana nyeupe, na ukiona rangi ya ngozi yako waziwazi, ni nyepesi mno. Fulana za kola, zile zinazoitwa fomu siksi, zina nafuu kidogo, kwani za mtumba zilizofumwa kwa pamba nzito hupatikana zikiwa na kola iliyosimama. Nguo za ndani zisijadiliwe: uuzaji wa zilizokwisha kutumika umepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania, na hata pasingekuwa na marufuku, afya ni sababu ya kutosha.

Jaketi na suruali zenye mifuko mingi mapajani zinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Katika mizigo huingia nguo zenye madoa ya kijeshi, na baadhi yake ni imara sana, zinavutia mkono. Ziache. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi yanayofanana na sare za jeshi kuyasalimisha, na hakuna uimara wa kitambaa unaostahili usumbufu wa kusimamishwa barabarani mbele ya wanao.

Kasoro za soko lenyewe zisifichwe. Hakuna chumba cha kujaribia, kwa hiyo vaa pensi nyepesi ndani ya suruali na fulana inayobana ndani ya shati, ili uweze kujipima palepale. Nenda na futi yako pia, kwa sababu namba za saizi za Uingereza, Italia na Marekani hazilingani, na nguo iliyofuliwa miaka mitatu haina tena saizi iliyoandikwa. Pima suruali yako inayokukaa vizuri kabla hujatoka nyumbani, ukaandika kiuno, paja na urefu wa mguu. Vichochoro ni vyembamba, joto la mchana ni kali, na nguo isiyokutosha kwa kawaida hairudishwi. Asubuhi ya siku ya kazi ni tulivu kuliko Jumamosi, na muuzaji asiye na foleni ana subira ya kukushushia nguo moja baada ya nyingine.

Fedha utakayookoa, ipeleke sehemu kwa fundi. Hili ndilo linalotenganisha mtu aliyevaa mtumba na mtu aliyependeza. Kupunguza ubavu wa shati ili lisivimbe juu ya mkanda, na kukata suruali iguse kiatu bila kujikunja, ni kazi ya elfu chache, na mafundi wenye cherehani wapo hapohapo pembezoni mwa soko. Kwa nguo ninazozipenda napendelea fundi wa mtaani kwangu, kwa sababu anaujua mwili wangu na nina pa kumrudia. Fua nguo kabla ya kumpelekea, ili kama itarudi ndani irudi kabla ya kukatwa.

Viatu vya mtumba vinagawanyika. Kiatu cha ngozi ambacho soli yake imeshonwa kinaweza kupelekwa kwa fundi viatu kikawekewa soli nyingine, na ngozi yake ikadumu miaka. Raba ni bahati nasibu, kwa sababu soli za poliyurethani huoza kwa unyevu hata zikiwa zimehifadhiwa tu, zikaja kubomoka vipandevipande siku ya tatu ya kuvaliwa. Bonyeza soli kwa kucha. Ikibaki na alama au ikitoa unga, usiichukue hata ikiwa inang'aa. Kwa matembezi ya jioni, makubazi ya ngozi ya Pwani yaliyoshonwa vizuri yanakaa na kadeti kwa heshima kubwa kuliko raba iliyochakaa.

Kuna mwanamume ambaye Karume haitamfaa sana: mwenye mwili mkubwa au mabega mapana kuliko kawaida, ambaye atazunguka vibanda vingi apate shati moja. Huyo namwelekeza Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kununua kitenge cha pamba. Geuza kitambaa upande wa nyuma, na kama maua yanaonekana kwa ukali uleule wa mbele, rangi imezama na haitachuja upesi. Mita mbili na nusu zinatosha shati la mikono mifupi kwa watu wengi, mwenye mwili mkubwa aongeze hadi tatu. Achague nakshi ndogo za rangi moja au mbili zilizotulia, kitambaa kilowekwe na kukaushwa kivulini kabla ya kukatwa, na fundi aambiwe waziwazi kwamba mfuko wa kifuani ufuate maua ya shati, kwa sababu asipoambiwa atakata kipande chochote kilichobaki mezani.