Kununua kiti mwendo Unguja na Pemba: itazame ardhi kabla ya bei

Dukani kila kiti mwendo huteleza vizuri, kwa sababu chini pana marumaru. Mama yangu mdogo wa Jambiani alinunuliwa kiti cha kukunja, cha chuma king'aacho, na siku ya kwanza alipotoka kwenda kwa jirani maringi madogo ya mbele yalizama mchangani hatua chache tu kutoka mlangoni, akabaki pale juani mpaka wajukuu walipokuja kumnyanyua. Ndiyo maana nimepanga viti hivi kwa kufuata ardhi tunayoikanyaga.

Cha kwanza ni kiti cha maringi matatu, chenye ringi moja la mbele lililotangulia mbali na miguu. Uzito mwingi wa mwenye kukalia huwa juu ya maringi makubwa ya nyuma, kwa hiyo kiti hupita juu ya mchanga, mizizi na mawe ya matumbawe bila ya kupinduka mbele kwa urahisi. Kasoro yake ni urefu, unaofanya kona za vichochoro kuwa taabu, lakini kwa anayeishi Makunduchi au Micheweni sioni cha kukishinda.

Kwa Mji Mkongwe na Ng'ambo, nachagua kiti cha maringi manne chenye fremu imara na maringi ya mbele mapana. Pima mlango kabla ya kulipa: milango mingi ya kale ina pande mbili, na kwa kawaida hufunguliwa upande mmoja tu, huku kizingiti kikiwa juu.

Cha tatu ni baskeli ya mikono. Inamfaa mwenye mikono yenye nguvu anayefanya biashara au kusafiri masafa marefu juu ya lami, ila haiingii chumbani, kwa hiyo humsaidia yule ambaye tayari ana kiti cha ndani. Kwa miteremko ya Mkoani, usiikubali kama breki zake ni dhaifu. Kiti cha umeme nakiweka nafasi ya nne, kwa kuwa ni kizito mno kupakiwa kwenye daladala na betri yake hudai umeme wa uhakika. Cha mwisho ni kile cha hospitali, kama alichonunuliwa mama mdogo, ambacho kimeundwa ili mtu asukumwe na mwengine kwa muda mfupi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, lilitaka kiti kimwenee mtumiaji, kiendane na mazingira yake na kiweze kutengenezwa kikiharibika, nchini humo anamoishi. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Mpira wa kiti na mpira wa baskeli huweza kuandikwa inchi 24 yote miwili na bado usiingie mmoja mahali pa mwengine. Soma namba ndogo ubavuni, ile ya kipenyo cha rimu kwa milimita, kwani wa viti vingi ni 540 na wa baskeli nyingi za inchi hizo ni 507. Chenye 507 fundi baskeli wa mtaani ataweza kukihudumia.

Mto wa kukalia usiuchukulie kuwa pambo. Kwa mtu asiyehisi makalio, mto mbaya huleta vidonda vinavyoweza kuua. Ubonyeze kwa ngumi kwa nguvu zako zote. Ukigusa ubao wa chini, uache. Mtumiaji akae juu ya mto huo huo wakati wa kupima upana wa kiti na urefu wa kikanyagio, ambacho kiwe juu ya ardhi angalau sentimita 5.

Hewa ya chumvi hula beringi upesi, basi muulize muuzaji kama zinafunguka na kupakwa grisi. Kisha mwombe mwenye kutumia akitoe kiti nje, akiendeshe mwenyewe juu ya mchanga na kokoto, arudi, ndipo mzungumze bei.