Kochi linang'aa, sungura kabaki chongo

Naandika nikiwa na hasira, nisieleweke vibaya. Ni hawa vijana wanaozunguka majumbani na mashine kusafisha makochi, mazulia na magodoro. Jina la kampuni silitaji. Hapa Dar wamejaa, na tangazo lao walibandika mpaka "midoli ya watoto". Hapo ndipo waliponipata. Mwanangu ana kifua, akilala na midoli yenye vumbi asubuhi ni chafya tupu. Halafu kuna huyu sungura wake, amempa jina la Mjomba, manyoya ya kifuani yalishashikana kwa uji uliokaukia.

Wakaja, mvua ndiyo zinaanza. Kochi nitalirudia. Zamu ya midoli ilipofika, kijana hakuuliza kitu. Hakutazama lebo, hakubonyeza tumbo ajue ndani kuna pamba, sponji au kile kidude cha betri kinachoimba. Akapulizia povu, akashika bomba la mashine, lile linalomwaga maji na kuyanyonya hapo hapo, akampitishia Mjomba usoni kama anapiga deki. Nikasikia "tak!" Jicho limekwenda.

Nikamwambia, kaka, naomba ufungue tenki tuliangalie. Sasa nielewe: nina mwingine anatambaa, akiokota kitu kinakwenda mdomoni, na jicho la plastiki la mdoli ni saizi kamili ya kumkaba mtoto. Sikuwa nadai fidia. Nilitaka tu kuhakikisha liko kwenye tenki na halijarukia chini ya kochi. Unajua alinijibu nini?

"Dada, siwezi kufungua maji machafu kwa ajili ya kifungo. Si doli tu hilo? Kariakoo yamejaa."

Si doli tu! Mwenye mali kasimama pale pale, kamshika Mjomba mkia, anatusikiliza. Akakunja waya zake akaondoka. Nikampigia bosi wake. Mpole huyo, pole nyingi, mwishoni akaniuliza, "Shilingi ngapi nikurushie, dada?" Hela ya nini na mimi niko magotini namulika uvungu kwa tochi ya simu? Usiku ule sebule niliihamisha yote, mtoto kabebwa mgongoni na dada wa kazi mpaka nikamaliza kufagia. Jicho halikuonekana.

Na usafi wenyewe basi. Mashine yao inanyonya maji ya juu juu, kochi sawa, lakini mdoli una pamba katikati, na pamba ikishalowa haitoi maji kirahisi. Nje ukigusa pakavu, ukiminya tumbo maji yanachuruzika. Kwa hali ya hewa hii ya mvua, ikaanza harufu ya uvundo. Mtoto wa kifua ndiyo umletee ukungu kitandani!

Nikarudia yote mwenyewe, na ndivyo ningefanya toka mwanzo kama lile tangazo lisingeniteka. Wale wa kuimba nikawaweka kando, hao ni kufuta kwa kitambaa chenye unyevu tu. Waliobaki, beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo mno, maana sabuni ikizidi haitoki kwenye pamba. Maji ya moto yanaua wale wadudu wa vumbi, ila gundi ya macho na pua haiyawezi. Kwa hiyo kabla ya kufua nilimfunga kila mmoja kwenye mfuko wa plastiki nikamlaza friza. Daktari wa kliniki alishanieleza: baridi inawaua, lakini uchafu wao unabaki na ndio unaoleta chafya, hivyo kufua kuko pale pale. Kukamua ni kukandamiza ndani ya taulo, ukisokota pamba inajikusanya upande mmoja. Kisha kuwalaza juani juu ya kichanja na kuwageuza. Ukimning'iniza sungura masikio utampata na masikio ya punda.

Nyota moja basi, na hiyo ni ya kochi.

Lakini ngoja. Siku zimepita, nishaanza kusahau, WhatsApp ikaita. Yule yule kijana, picha ya kiganja, jicho la Mjomba katikati. "Dada lipo." Basi. Samahani hakuna. Ila alilichambua kwenye maji machafu wakati anamwaga, na bodaboda akalileta bila kunidai nauli. Nimelishona kwa uzi mzito, limekaa upande kidogo. Roho ikalainika, halafu nikakumbuka lile la Kariakoo nikapandwa upya. Si angefungua pale pale?

Nyota mbili. Tatu, kwa kochi peke yake, maana haki yao ni haki yao, madoa ya juisi yote yametoka. Mama mkwe alikuja juzi, kakaa, kapapasa kitambaa, kaniuliza nani kanisafishia. Namba nikampa. Nikamwambia tu, Mama, siku wakija midoli ya wajukuu ifungie chumbani na ufunguo ukae nao.