Kichwa cha kujazia upepo: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Ukipita Gerezani au kwenye mitaa ya spea ya Kariakoo, Dar es Salaam, utaviona vichwa vya kujazia upepo, vile vinavyokaa mwisho wa mpira wa kompresa na kushika valvu ya tairi, vimetundikwa kwenye vifuko vya nailoni kama pipi, vyote vinang'aa. Uliza, "Kaka, hii ni shaba?" na jibu litakuja kabla hujamaliza: "Shaba tupu, bosi." Ukweli ni kwamba nyingi si shaba. Ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na hapa mwambao, kwenye hewa ya chumvi kuanzia Tanga mpaka Mtwara, aloi hiyo huanza kuota unga mweupe, kisha hukatika kwenye thredi kipande kikabaki ndani ya mpira wa upepo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kitoe kwenye kifuko ukigeuze, uchungulie ndani ya thredi. Kromu haifiki vizuri humo. Ukiona umanjano, ni shaba. Ukiona kijivu, ni zinki au aluminiamu. Sumaku haitakusaidia kutenganisha shaba na zinki, maana haivuti hata moja kati ya hizo. Itakuambia tu kama umeuziwa chuma kilichopakwa rangi. Uzito nao unasema: kwa ukubwa uleule, shaba huizidi aloi ya zinki kwa karibu robo, na huwa karibu mara tatu ya aluminiamu. Shika viwili mikononi, utaona.

Jambo la pili ndilo linaloamua zaidi, na wanunuzi wengi hawaliangalii kabisa. Tazama mdomoni mwa kichwa. Utaona washa nyeusi ya mpira, na katikati yake kijiti kidogo. Kijiti husukuma sindano ya valvu ili upepo uingie. Washa huziba pembeni usitoroke. Kichwa kikianza kufanya "ssss" kila ukikiweka, mara nyingi shaba haina kosa, ni washa imeliwa. Swali la kumuuliza muuzaji basi ni hili: mdomo unafunguka kwa spana ili nibadilishe washa, au umebanwa kiwandani? Kinachofunguka utakaa nacho miaka. Kilichobanwa, washa ikiisha nacho kimekwisha.

Sasa tuvipange, kuanzia ninachokipa nafasi ya kwanza.

1. Cha klipu, cha shaba. Unabonyeza, unaingiza kwenye valvu, unaachia, kinang'ata chenyewe. Mikono yako inabaki huru kusoma geji. Kwa mwenye gari dogo, bajaji au pikipiki, hiki ndicho cha kununua. Angalia springi ya klipu: ibonyeze mara kadhaa hapohapo kaunta. Ikilegea mkononi, kwenye tairi itaruka.

Hapa kuna mtego. Vichwa hivi viko vya aina mbili, vilivyo wazi na vilivyofungwa, na kwa nje vinafanana. Kilichofungwa kina kizuizi ndani: hakipitishi upepo mpaka kikae kwenye valvu, kwa hiyo kinafaa kompresa yenye tangi, kwa sababu tangi halitamwagika. Kilicho wazi kinapitisha muda wote, nacho ndicho kinachotakiwa kwenye bastola yenye geji (kishikio chenye kitufe cha kuachia upepo na kipimo chake), kwa kuwa geji lazima ihisi upepo wa tairi ukiachia kitufe. Ukiweka kilichofungwa kwenye bastola, unaweza kusomewa namba isiyo ya tairi lako. Kupima ni rahisi: puliza kwa mdomo upande wa mpira. Ukipita, kiko wazi. Wauzaji watakucheka, wacha wacheke.

2. Bastola yenye geji ya mshale. Kwa gereji ndogo au mwenye magari mawili matatu yanayofanya kazi. Nunua yenye mpira mfupi unaobadilishika na kichwa cha klipu mwishoni. Usivutwe na ukubwa wa uso wa geji, tazama namba zake. Geji inayoishia 220 PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo) haifai kwa pikipiki ya 30 PSI, maana mshale utatambaa chini kabisa, sehemu ambayo geji za mshale hazijivunii usahihi. Wenye magari madogo na pikipiki watafute inayoishia 60 au 100. Za kidijitali zinasomeka vizuri usiku, ila betri na vumbi vitakusumbua.

3. Midomo miwili, shingo ndefu. Hiki ni cha Fuso, Coaster na yeyote mwenye tairi pacha nyuma. Mdomo mmoja unausukuma kwenda mbele, mwingine unauvuta kurudi kwako, ndivyo unavyofikia valvu ya tairi la ndani. Bila hiki, kondakta atakuambia la ndani "liko poa" baada ya kulipiga teke. Mwenye gari dogo hana haja nacho.

4. Cha kusukuma kwa mkono. Ndicho cha fundi pancha wa barabarani. Kigumu, rahisi, bei nafuu, hakina springi ya kufa. Shida yake ni kwamba lazima ukishikilie, na ukikiinamisha kidogo upepo unatoka badala ya kuingia. Kwa anayejaza matairi kutwa ni sawa kabisa. Kwa anayejaza mara mbili kwa mwezi, kinachosha.

5. Cha kufunga kwa thredi. Hukutana nacho kwenye pampu za miguu. Hakichomoki, hilo nakipa. Lakini wakati wa kukifungua unapoteza upepo kila mzunguko, na tairi la pikipiki ni dogo, kiasi hicho unakiona kwenye geji.

6. Cha plastiki chenye kiwiko, kinachokuja na vile vikompresa vya kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Kompresa yenyewe inaweza kuwa nzima. Kiwiko ndicho kinachovunjika, hasa gari likikaa juani na mlango umefungwa. Kikivunjika usitupe mashine. Kata mpira, weka cha klipu cha shaba kilicho wazi, funga kwa klipu ya skrubu.

Kuhusu mpira wa upepo: wa raba unavumilia kukanyagwa na kukunjwa kuliko wa plastiki, ingawa ni mzito. Soma maandishi ubavuni. 300 PSI inatosha, kwa kuwa kompresa nyingi za gereji hazizidi 150.

Kapla, yaani viungio vya mpira, zinachanganya watu zaidi. Thredi ya robo inchi ya Kiingereza ina meno 19 kwa inchi, ya Kimarekani ina 18. Zitashikana mizunguko miwili mitatu halafu zigome, na fundi mwenye haraka atamalizia kwa nguvu na tepu nyeupe. Itavuja tu. Nenda dukani na kipande cha zamani ukijaribishe kwa vidole.

Usisahau kwamba upande wa pili wa kichwa chako kuna valvu. Ile ya raba ya kuvuta kwenye rimu, ambayo maduka huiita TR413, imetengenezwa kwa upepo usiozidi 65 PSI. Pikapu ya mizigo mizito inayojazwa zaidi ya hapo inahitaji valvu ya chuma ya kufunga kwa nati, au ya raba iliyoimarishwa kama TR600HP inayofika 100. Na ukivaa tairi jipya, badilisha valvu palepale. Ni kitu cha bei ndogo mno kulinganisha na tairi lenyewe.

Vifuniko vya valvu ndivyo vinavyopuuzwa kuliko vyote, wakati kazi yake ni kuzuia mchanga usifike kwenye sindano. Cha plastiki chenye kiraba ndani kinatosha. Vile vya rangi vya chuma, pamba navyo baiskeli, lakini viwe mbali na valvu za aluminiamu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia Septemba 2007, na ya Ulaya kuanzia mwishoni mwa 2014, yana mfumo wa kufuatilia upepo, na mengi yana sensa iliyoshikana na valvu ya aluminiamu. Kifuniko cha shaba kikikutana na valvu ya aluminiamu kwenye unyevu wa chumvi, vinagandana. Utakapokuja kufungua kifuniko, valvu nzima itakatika pamoja na sensa. Sindano ya valvu hizo nayo iwe ya kupakwa nikeli, ile nyeupe, si ya shaba ya njano. Mwambie fundi pancha kabla hajaingiza mkono kwenye kopo lake la sindano za zamani.