Washauri wa nyumba wa HUD: bure na wa kuaminika, lakini wawahi mapema

Taarifa ya mnada wa nyumba ambayo mkopo wake haulipwi ikishawekwa kwenye kumbukumbu za kaunti, yeyote anaweza kuisoma, na matapeli huisoma kabla ya jirani. Ndani ya wiki chache sanduku la posta hujaa barua za "tutaokoa nyumba yako", nyingine zikiwa na nembo inayofanana na ya serikali. Kwa mwenye mkopo wa nyumba Marekani, dawa iliyo bora kuliko hizo zote haigharimu senti: wakala wa ushauri aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya nchi hiyo.

Unampata kwa kupiga 800-569-4287, au kwa kuandika ZIP code yako (namba ya posta ya eneo lako) kwenye orodha iliyopo consumerfinance.gov. Orodha hiyo huonyesha lugha za kila wakala. Usipoona Kiswahili, omba mkalimani siku ile ile unapoweka miadi. Kumtumia mtoto wa shule kutafsiri mambo ya hati na riba ni kujitafutia balaa.

Mshauri hupitia bajeti yako, husaidia kujaza maombi ya nafuu ya kulipa mkopo, kisha huzungumza na kampuni inayokusanya marejesho, nawe ukiwa kwenye simu. Hana uwezo wa kuzuia mnada kwa neno lake. Kinachouzuia ni maombi yaliyokamilika, na hapo kalenda ndiyo bwana. Kwa kawaida kampuni hairuhusiwi kuanza hatua za mnada kabla deni halijapita siku 120 za kuchelewa. Maombi kamili yakifika zaidi ya siku 37 kabla ya tarehe ya mnada, ni lazima iyapime ndani ya siku 30, na nyumba haiuzwi wakati huo. Ukifika siku ya 30 kabla ya mnada, kinga hiyo huna tena. Unabaki kuomba hisani. Kampuni ndogo, zinazosimamia mikopo isiyozidi 5,000 kwa idadi, haziguswi na sehemu kubwa ya masharti haya, kwa hiyo uliza mapema yako ni ya aina gani.

Maombi mengi hukwama kwa sababu ya karatasi. Nenda na hati za mshahara za siku 30 zilizopita, taarifa za benki za miezi miwili, ritani za kodi za miaka miwili, taarifa ya mwisho ya mkopo, na barua fupi inayoeleza kilichoharibika na lini. Kurasa zote za taarifa ya benki zinatakiwa, hata ile tupu ya mwisho. Kama michango ya msiba au ya harusi imepitia kwenye akaunti yako, andika pembeni ni ya nini, kwani ikiachwa hivyo itaonekana kuwa kipato chako.

Udhaifu wa huduma? Miadi inaweza kuchelewa, na mshauri mmoja si sawa na mwingine. Waulize moja kwa moja kama wanashughulikia minada, maana wapo wanaoshughulika zaidi na wanunuzi wapya. Texas hali ni ya mbio zaidi: mnada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, na taarifa yake yaweza kuja siku 21 tu kabla. Huko, mpigie mshauri mara marejesho ya kwanza yanapokupita.

Sasa walinganishe na "waokoaji" wa kulipwa. Kanuni ya shirikisho inawakataza kupokea ada kabla hujapata na kukubali pendekezo la maandishi kutoka kwa mkopeshaji, na inawakataza kukuambia usiongee naye. Wakili mwenye leseni ya jimbo lako ana msamaha, ila fedha lazima zikae kwenye akaunti ya amana ya wateja. Ndiyo sababu matapeli hupenda kukodi jina la wakili. Ombi la kuhamisha hati ya nyumba "kwa muda", huku ukibaki kama mpangaji, likatae hapo hapo: hati ikihama nyumba imekwenda, na deni linabaki na jina lako. Barua ikidai mkopo umehamia kampuni nyingine, usilipe popote kabla ya kuipigia ile ya zamani kwa namba iliyo kwenye taarifa zake za awali. Uhamisho ukiwa wa kweli, kwa siku 60 za kwanza malipo yaliyokwenda kwa wakati kwenye kampuni ya zamani hayahesabiwi kuwa yamechelewa.