Uzoefu wangu na ofisi ya msaada wa kisheria baada ya kugongwa kwenye zebra

Kila anayeniona nachechemea ananiuliza swali moja: ulilipwa? Nililipwa. Ilichukua miezi 17, na bila ile ofisi ya msaada wa kisheria nisingepata hata robo yake. Jina la ofisi siliandiki, maana nina malalamiko yangu pia na sitaki watu waende kuwasumbua wale vijana. Ofisi za aina hii zipo nyingi, zinasajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili huduma ni bure.

Mimi ni fundi cherehani, Dar es Salaam. Juni 2022, giza linaanza kuingia, nilishuka daladala Barabara ya Mandela pale Buguruni nikasimama na wenzangu kwenye zebra. Daladala moja ikatusimamia, tukaanza kuvuka, mimi nikiwa mbele. Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, iliyokuwa nyuma ya ile daladala ikachomoka pembeni. Breki nilizisikia, gari lenyewe sikuliona.

Wanaovuka Mandela, Kilwa Road au Morogoro wanaijua ajali hii. Gari la kwanza linasimama, la pili linapita. Lile lililosimama linakuziba wewe usione linalokuja, na linamziba dereva wa nyuma asikuone. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva anayekaribia kivuko apunguze mwendo na kumpisha mtembea kwa miguu, lakini sheria haikuwepo pale barabarani jioni ile. Siku hizi nikivuka, nikifika usawa wa gari lililosimama nasimama tena, nachungulia, ndipo namalizia. Wanangu nao nimewafundisha hivyo hivyo.

Muundi wa mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Mguu huo ndio wa kukanyagia cherehani.

Siku ya tatu wodini walikuja ndugu wawili wa dereva na juisi na chane ya ndizi. "Shikamoo mama, pole sana, kijana wetu hakukusudia." Niliwapokea vizuri na hadi leo sina kinyongo nao. Wakanipa shilingi 150,000 za pole. Kisha mmoja akatoa karatasi iliyochapwa, inasema nimepokea fedha na sina madai tena kwa dereva, kwa mmiliki wala kwa kampuni ya bima. "Tuyamalize kifamilia tu, mama." Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Binti yangu akasema mama hana miwani hapa, iacheni ataisoma kesho.

Kesho yake akaja mwingine, shati jeupe na mkoba, anajiita wakili. Anataka asilimia 40 ya malipo, na nimkabidhi PF3 yangu halisi, ile fomu ya polisi ya matibabu, papo hapo. Nilipomwomba kitambulisho alisema amekisahau kwenye gari, hakurudi. Vishoka wa hivi wanawinda wagonjwa wa ajali kwa sababu wanajua mtu ana maumivu na hajui pa kuanzia. Mahakama ya Tanzania ina orodha ya mawakili mtandaoni: unaandika jina, unaona kama yumo na kama leseni yake iko hai. Binti yangu aliandika jina la yule kijana. Hayumo.

Jirani yetu wa Tabata ndiye aliyenielekeza kwenye ofisi. Nilikwenda wiki ya saba, na magongo. Nilipokelewa na msaidizi wa kisheria, kaka wa miaka kama 30. Hakuniahidi kitu. Aliniuliza namba ya gari, akafungua simu yake, akaingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wa kuhakiki bima, akanigeuzia kioo: bima ipo, hai, lakini ni bima ndogo. Nikavunjika moyo, nikidhani bima ndogo hailipi. Akanieleza kwamba bima ndogo ndiyo hasa iliyowekwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Dereva akiwa na bima hiyo tu gari lake mwenyewe halitengenezewi, ila mtu aliyemuumiza anayo haki ya kulipwa. Kwa maelezo hayo peke yake ningewapa nyota zote.

Jambo la pili alilonifungua macho ni kesi. Dereva alikuwa ameshapelekwa mahakamani na trafiki, akakiri kosa, akalipa faini. Mimi nilijua mambo yamekwisha, na faini imeliwa na serikali. Kumbe kesi ile ni ya Jamhuri na dereva. Madai yangu ya fidia ni kitu kingine kabisa, nina miaka 3 tangu siku ya ajali ya kuyafungua mahakamani, na kule kukiri kwa dereva kunanisaidia mimi. Akaniandikia kwa mkono karatasi za kutafuta: PF3 iliyojazwa na daktari, ripoti ya polisi, ramani ya ajali, nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu yenye mhuri wa mahakama, risiti zote za hospitali, na ripoti ya daktari inayotaja kiwango cha ulemavu wa kudumu.

Kisha akauliza, "Mama, kwa mwezi unaingiza kiasi gani, na utathibitishaje?" Sina hati ya mshahara, mimi nashona. Nikamwambia nina daftari tu la vipimo. Akasema lilete.

Daftari langu lina jalada la kijani lililochakaa. Kila ukurasa una jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu, bei tuliyokubaliana, kianzio alichotoa na tarehe ya kuchukua nguo. Yule kaka alikaa nalo saa nzima, akijumlisha mwezi kwa mwezi kwa kalamu ya risasi. Alipofika Juni akasimama. Baada ya tarehe ile hakuna ukurasa ulioandikwa, na oda 9 zilikuwa na kianzio bila nguo kutoka. Moja ilikuwa gauni la bibi harusi. Nilimrudishia fedha zake nikiwa kitandani. Akasema, "Hapa ndipo hasara yako ilipo, mama, na umeiandika mwenyewe." Nililia pale ofisini, sijui kwa nini hasa.

Kampuni ya bima ilijibu barua ya madai baada ya miezi 3. Walisema nilivuka mahali pasipo na kivuko, hivyo uzembe ni wangu kwa nusu, na wako tayari kutoa 1,800,000. Matibabu peke yake yalikuwa yameshanitoa zaidi ya milioni 2. Ukweli ni kwamba rangi ya zebra ile ilikuwa imefutika. Ukipita na gari usiku hujui kama ipo. Mimi naumia kuona mtu anachora zebra mara moja kisha anaiacha ife, halafu kufutika kwake kunakuja kutumika dhidi ya aliyegongwa juu yake.

Tukaenda eneo la tukio Jumapili asubuhi, yule kaka, mimi na mama mmoja muuza mihogo aliyeshuhudia. Ramani ya trafiki ilionyesha niligongwa mita 4.2 kutoka usawa wa nguzo ya taa. Kaka hakuwa na tepu. Nikatoa futi yangu ya kushonea, yenye sentimita 150, tukailaza ukingoni mwa barabara mara kwa mara kuanzia kwenye nguzo. Mabaki ya rangi, ukiinama, yalianzia mita 3 na yakaishia mita 6. Nilikuwa katikati ya zebra. Tukapiga picha futi ikiwa imelala pale, namba zikisomeka, na picha zikaenda pamoja na barua ya pili, safari hii imesainiwa na wakili wa kujitolea ambaye ofisi ilimwomba. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako, hilo walinieleza tangu mwanzo.

Hatukufika mahakamani. Novemba 2023 walikubali kulipa 7,600,000. Kabla ya malipo wanakuletea hati ya kusaini kwamba umeridhika na umefunga madai. Wakili alinisomea mstari kwa mstari, akahakikisha gharama ya kuja kutoa chuma mguuni imehesabiwa, maana ukishasaini hurudi tena.

Sasa malalamiko. Simu yao haipokelewi. Ukitaka jibu, nenda. Yule kaka alihamishwa katikati ya shauri langu, na dada aliyepokea faili alinifanya nieleze kila kitu upya, wakati barua ya bima ilikaa mezani wiki 5 bila kujibiwa. Hilo lilinikera sana. Na hawakuniambia mapema nitunze risiti za bajaji. Miezi 4 nilikodi bajaji kwenda kliniki, nusu yake sikuwa na karatasi, fedha hizo sikudai. Wewe mwambie dereva akuandikie hata kwenye kipande cha daftari, tarehe, kiasi na saini.

Bure nayo ieleweke. Kazi yao hawakunitoza hata senti, na hakuna aliyeomba "ya soda". Lakini nakala za mahakama, ripoti ya daktari, kopi na nauli nililipa mwenyewe, jumla kama 210,000 kwa muda wote. Mwenye uwezo wa kumlipa wakili wake huenda akamaliza haraka kuliko mimi. Kwa mama lishe, machinga, fundi kama mimi, au mzazi ambaye mtoto wake amegongwa akitoka shule, ningemshika mkono nimpeleke pale leo.

Nimenunua mota ya cherehani kwa sehemu ya fedha zile, sasa nagusa tu kwa mguu wa kushoto. Zebra bado haijapakwa rangi. Barua ya kuomba ipakwe tumeipeleka serikali ya mtaa, majirani 34 wamesaini, na nakala ninayo.

Ofisi niliyokwenda mimi inapokea watu wapya Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 2 asubuhi. Nenda na kopi mbili za kila karatasi, ya halisi usiiache kwa mtu yeyote, hata kwao.