Uzoefu wangu na CPE510: kuifikisha Wi-Fi ya nyumbani upande wa pili wa mtaa

Tathmini hii inahusu redio za nje za kampuni ya TP-Link aina ya CPE510, yaani vifaa vya kurusha na kupokea mtandao kutoka paa hadi paa, ambazo nimezitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja kuunganisha nyumba yangu ya Ngamiani, jijini Tanga, na nyumba ya mama yangu pamoja na duka la kaka yangu. Kwa mama ni umbali wa mita 400 hivi kwa mstari ulionyooka, na duka liko karibu kidogo zaidi, upande uleule. Nilizinunua kwa fedha zangu na sina uhusiano na mtengenezaji wala muuzaji. Maoni yangu, kwa wasiopenda kusoma hadi chini, ni kwamba kwa bei yake sijaona kifaa kinachoifanya kazi hii vizuri zaidi, ila kinahitaji kitu ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni njia ya hewa isiyozibwa kati ya paa na paa.

Kwangu kuna faiba ya megabiti 20 kwa sekunde isiyo na kikomo cha matumizi, na mchana kutwa hukaa bure kwa kuwa wenye nyumba wako kazini na watoto wako shuleni. Wakati huohuo mama alikuwa akinunua bando kila wiki ili azungumze kwa video na dada yangu aliyeko Muscat, na kaka alikuwa akinunua lake kwa ajili ya miamala ya dukani. Familia moja ilikuwa ikilipia intaneti mara tatu.

Mtu akiulizia madukani namna ya kuongeza masafa ya Wi-Fi, mara nyingi huuziwa ripita, yaani kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya umeme. Mimi naikubali ripita kwa kazi yake, ambayo ni kuyatoa mawimbi sebuleni na kuyafikisha chumba cha uani. Kwa kazi ya mtaa haifai. Ripita ya kawaida hupokea na kutuma kwa chaneli ileile, kwa hiyo kila kipande cha data hupita hewani mara mbili na kasi hushuka kwa takriban nusu. Ukizipanga mbili mfululizo, kasi hushuka tena. Tena haiwezi kutoa zaidi ya kile inachokipata yenyewe, na mahali ambapo watu huiweka huwa ni palepale ambapo mawimbi yamekwisha kuchoka. Kaka alikuwa ameshauziwa moja na fundi mmoja kabla sijaanza shughuli hii, na hapo dukani simu ilionyesha alama zote za mawimbi zimejaa huku ukurasa mmoja ukichukua dakika nzima kufunguka.

Pendekezo jingine la madukani ni ruta yenye nguvu kubwa na antena nyingi. Hapa watu husahau kwamba mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili, na kwamba simu hutuma kwa nguvu ndogo kuliko ruta. Ni kama kipaza sauti cha msikiti: mtaa mzima unamsikia muadhini, lakini aliye mbali akiitika kwa mdomo wake mtupu, muadhini hamsikii. Simu itauona mtandao, itauandika jina lake, itajaribu kuunganika, kisha itashindwa. Nyumba zetu huongezea tatizo hilo, maana ukuta mmoja wa matofali ya saruji unaweza kuyapunguza mawimbi kwa deshibeli 10, kiasi ambacho huacha sehemu moja tu ya kumi ya nguvu iliyokuwepo, na bati halipenyeki kabisa bali huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Umbali wenyewe si adui mkubwa kama watu wanavyodhani. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela waliunganisha vilele viwili vilivyoachana kwa kilomita 382 kwa kutumia vifaa vya Wi-Fi na madishi makubwa, na data ikapita kwa takriban megabiti 3 kwa sekunde kila upande. Waliweza kwa sababu kati ya vilele vile hapakuwa na kitu isipokuwa hewa. Mimi nilikuwa na mita 400 tu, lakini ndani ya mita hizo mna mapaa, matangi ya maji, na mwembe mmoja mkubwa.

CPE510 ni kisanduku cheupe cha plastiki kinachofungwa kwenye bomba nje ya nyumba. Hutumia masafa ya gigahezi 5, na antena yake ya deshibeli 13 imo ndani ya kisanduku, ikiyaelekeza mawimbi mbele yake kwa upana wa takriban nyuzi 45 badala ya kuyamwaga pande zote. Uelekezaji huo ndio siri ya kifaa kizima: nguvu ileile ndogo inayopotea ovyo kwenye ruta ya ndani hapa inapelekwa mahali pamoja, na kwa kuwa kila ncha ina antena ya namna hiyo, faida hupatikana wakati wa kutuma na wakati wa kupokea pia. Upana huo ulinifaa kwa namna nyingine: nyumba ya mama na duka la kaka vyote viliingia ndani ya nyuzi 45, kwa hiyo redio moja juu ya paa langu inazihudumia zote mbili, na nilihitaji redio tatu badala ya nne. Redio hizo, pamoja na kebo na mabomba, hazikufika shilingi laki tano.

Sehemu ngumu ilikuwa kuchagua mahali pa kusimamisha mabomba. Mawimbi ya redio hayapiti katika mstari mwembamba, bali yanahitaji nafasi iliyotuna katikati ya safari, ambayo wataalamu huiita eneo la Fresnel. Kwa mita 400 na gigahezi 5.8, nafasi hiyo hutuna hadi mita 2.3 hivi kila upande wa mstari, na inashauriwa angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Kwa maneno mengine, haitoshi kuliona bomba la upande wa pili kwa darubini. Ni lazima mapaa ya katikati yawe chini ya mstari huo kwa takriban mita moja na nusu. Nyumba zetu za Ngamiani nyingi ni za chini, na bomba la mita 3 juu ya paa lilitosha kuzivuka. Mwembe haukuvukika. Majani yana maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 5 vibaya sana, hasa baada ya mvua yanapokuwa yameloa. Niliuhamishia mstari upande wa mashariki wa paa langu, ukapita kando ya mti. Mwenye mwembe, mzee wetu wa jirani, alikuwa radhi tukate tawi, lakini mti wenyewe ni wa dodo, na mimi sikuona kwamba video za YouTube zinastahili kafara hiyo.

Kulenga kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia. Taa ndogo za nyuma ya kifaa huonyesha nguvu ya mawimbi, na ndani ya programu yake ya usimamizi mna ukurasa wa kulengea unaobadilika papo hapo unapokigeuza kifaa. Mpwa wangu alisimama juu ya paa la bibi yake akigeuza taratibu, nami nikimsomea namba kwa simu. Hesabu ya karatasini, yaani nguvu ya kutuma pamoja na antena mbili ukitoa upotevu wa njiani, ilinipa kama -54 (kipimo ni dBm, na namba ikikaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu zaidi). Tulipofunga skrubu namba ilikuwa -57, tofauti ambayo yeyote aliyewahi kupanda paani ataikubali. Ikisoma -75 au chini ya hapo, shuka ukatafute kilichoziba.

Upande wa mipangilio, ninayo mambo ambayo maelekezo ya ndani ya boksi hayayakazii. Redio zote hutoka kiwandani zikiwa na anwani moja, 192.168.0.254, kwa hiyo kila moja ipewe anwani yake kabla ya kupandishwa, na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyohiyo. Redio yangu imewekwa kuwa kituo cha kugawa na zile mbili kuwa wateja, huku huduma iitwayo MAXtream ikiwa imewashwa. Hiyo humpangia kila mteja zamu yake ya kusema. Bila zamu, redio ya mama na ya kaka, ambazo hazisikilizani kwa kuwa zote zinatazama kwangu, zingetuma kwa wakati mmoja na kugongana hewani. Kisha ndani ya kila nyumba ipo ruta ndogo ya kawaida inayotoa Wi-Fi kwa simu. Ruta hizo zizimwe huduma ya kugawa anwani, na kebo kutoka juu iingie tundu la LAN (la mtandao wa ndani) na si lile la WAN (la intaneti), ili anwani zote zitolewe na ruta yangu peke yake. Usipofanya hivyo, kila kitu kitaonekana kinafanya kazi hadi siku mtakapotaka kutumia printa moja, ndipo mtakapogundua kwamba mna mitandao mitatu isiyofahamiana.

Matokeo ni kwamba mama anapata megabiti zote 20 ninazolipia, na ucheleweshaji ulioongezwa na kiungo hiki ni milisekunde chache ambazo hazihisiki katika mazungumzo ya video. Nilipojaribu kunakili mafaili kutoka nyumba hadi nyumba bila kupita kwenye intaneti, kasi ilifika megabiti 90 na kidogo ikakomea hapo. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa tundu la kebo la CPE510 ni la megabiti 100, ingawa kwenye boksi imeandikwa 300, ambayo ni kasi ya hewani. Mwenye faiba ya megabiti 200 anayetaka kuifikisha yote ng'ambo ya mtaa atafute redio yenye tundu la gigabiti.

Kebo ndiyo iliyonisumbua, wala si redio. Duka moja liliniuzia kebo iliyoandikwa kuwa ni ya shaba tupu na ya kutumika nje, na ndani yake ilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Redio hizi hupata umeme wake kupitia kebo hiyohiyo ya data, kwa hiyo waya dhaifu huleta upungufu wa umeme, na kifaa hujizima na kujiwasha bila mpangilio, hasa usiku kinapofanya kazi sana. Dawa ni kukwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, rudisha. Umeme huo ni wa volti 24, na usichanganye kifaa chake cha kuingizia umeme kwenye kebo na vile vya volti 48 vya kamera na simu za ofisini.

Kwa sisi wa pwani chumvi ya hewani nayo ina mchango wake. Mikanda ya plastiki ya kufungia niliiongezea vibano vya chuma kisichopata kutu, na mdomo wa kebo unatazama chini ili maji yasiingie. Bomba limeunganishwa na waya wa ardhini, jambo ambalo halipaswi kuahirishwa masika yakikaribia. Umeme ukikatika kwa mama, anakosa mama peke yake. Ukikatika kwangu, tunakosa sote, na kwa sababu hiyo kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme nimekiweka kwangu kwanza, cha aina yenye tundu la volti 24.

Majirani waliziona redio na wakaanza kuja, wengine wakitaka kulipa kwa mwezi. Nimewakatalia wote kwa upole. Kuuza huduma ya intaneti bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010, na msimamizi wa jambo hilo ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hata kugawia ndugu bure kunategemea mkataba wa mtoa huduma. Mimi niliuliza kwanza nikaruhusiwa kwa maandishi, na ninashauri msomaji aulize kabla ya kununua chochote. Wanaotaka mtandao wa mtaa mzima kwa njia iliyo wazi wanao mfano wa TunapandaNET kule Kibera, Nairobi, ambao umeunganisha shule na vituo vya jamii kwa redio za aina hiihii, lakini hiyo ni kazi ya taasisi yenye watu wa kuilinda, si ya mtu mmoja mwenye bomba juu ya paa.

Nisingemshauri kila mtu anunue. Aliye na nyumba mbili ndani ya uwanja mmoja, zisizofika mita 100, atapata matokeo bora kwa kuchimba mfereji mdogo na kulaza kebo ya faiba, ambayo haipitishi radi wala haijali mwembe. Aliyezungukwa na ghorofa pande zote asinunue kabla hajapanda juu na kuangalia. Kwa aliye na paa linaloonana na paa, redio hizi zinatosha, na mimi tayari naitafuta ya nne kwa ajili ya shangazi, ambaye nyumba yake iko upande wa magharibi, nje kabisa ya zile nyuzi 45, kwa hiyo itabidi nifunge ya tano kwangu ikitazama huko.