Tomcat 10 na PostgreSQL 15 kwenye kompyuta ya kikundi: uzoefu wangu

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, Tanga, kina programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java. Aliyeiandika alishahama mji, akatuachia faili moja la WAR (kifurushi chenye programu nzima) na nakala ya hifadhidata kwenye flashi. Kompyuta ya zamani ilipokufa, macho yote yakanigeukia: "Wewe si ndiye wa kompyuta?" Nikatafuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4, nikaweka mfumo endeshi wa Debian 12, na humo humo nikasakinisha Java 17, Tomcat 10 (seva inayoendesha programu za wavuti za Java) na PostgreSQL 15 (inayotunza hifadhidata). Vyote bure, gharama ni bando tu.

Ukifungua poti 8080 kwenye kivinjari ukaona ukurasa wa Tomcat, unajiona fundi. Ufundi wangu ulidumu dakika tano. Nililitia faili la WAR kwenye folda ya webapps, likajifungua lenyewe, naingia: 404, yaani ukurasa haupatikani. Zima, washa: 404. Nikaitoa Tomcat yote nikaiweka upya (usinifuate hapo, ni kuchoma bando), ikawa ile ile. Kesho yake ndipo nilipofungua logi (kumbukumbu za matukio ya seva) kwenye /var/log/tomcat10, kumbe jibu lilinisubiri tangu jana: NoClassDefFoundError, na mbele yake javax/servlet. Yaani programu inatafuta kipande cha Java chenye jina hilo na hakipo.

Kisa chenyewe ni hiki. Oracle, kampuni yenye Java, ilipoikabidhi Java EE (upande wa Java wa programu za seva) kwa shirika la Eclipse Foundation, ruhusa ya kuliendeleza jina la javax, linaloanzia majina ya vipande vyake, haikwenda nayo. Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 (Jakarta EE ndiyo jina jipya la Java EE) ikabadilisha majina hayo yote yaanze na jakarta, na Tomcat 10 inafuata hayo mapya. Programu yetu ilikuwa inapiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Watu wa Apache, wenye Tomcat, wana kifaa kidogo cha kugeuza WAR ya zamani iwe ya majina mapya. Nikaipitisha humo, ikaamka. Lakini kama hakuna kinachokulazimisha kutumia 10, faili la namna hii lingekaa kwenye Tomcat 9 bila kuguswa.

Imeamka, sasa inataka data. Narudisha nakala, PostgreSQL inanijibu "permission denied for schema public": huna ruhusa kwenye public, sehemu ya kawaida ya kuwekea majedwali. Mwongozo niliokuwa nafuata ni wa kabla ya toleo la 15. Zamani mtumiaji yeyote wa hifadhidata aliweza kuunda majedwali ndani ya public. Kuanzia 15 mlango huo umefungwa. Nikaifuta ile hifadhidata tupu, nikaiunda tena, safari hii nikimpa umiliki mtumiaji wa programu. Ilinikera, ila hizi ni pesa za watu, na mimi ningeufunga vilevile.

Tangu hapo umeme umeshakatika mara tatu katikati ya kazi. Ukirudi, PostgreSQL inasoma kumbukumbu zake za miamala na kujirekebisha, sijapoteza hata rejesho moja. Hata hivyo kila usiku pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata, inatoa nakala, na asubuhi naihamishia kwenye flashi. Kuhusu RAM sikugusa kitu: Java hujichukulia hadi robo yake kwa data za programu, yaani GB 1, na kwa kikundi chetu inabaki.

Nyota tano kwa PostgreSQL. Tomcat naipa nne, maana ile 404 ilininyima usingizi.

Wiki ya kwanza mama mhasibu alinijia na risiti mkononi. "Mwanangu, huyu kalipa saa nane mchana, nimemwona kwa macho yangu. Mashine yako inasema saa tano asubuhi. Masaa matatu kayala nani?" Seva nilikuwa nimeiacha kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu. Nikaibadili kuwa Africa/Dar_es_Salaam, nikaiwasha upya Tomcat. Risiti iliyofuata aliipeleka dirishani kwenye mwanga, akailinganisha na saa ya ukutani, ndipo akaigonga muhuri.